Betri Iliyoanikwa Juani

Nyumba za zamani za Kangemi zilikuwa na mahali pa kuanikia nguo, mahali pa kuanikia maharagwe, na mahali pa kuanikia mawe ya redio, yaani betri zake. Kwa Nyakio mawe yalikaa juu ya bati la jikoni, upande unaotazama jua linapochomoza, maana hapo joto lilifika mapema kuliko kwingine. Mawe manne makubwa, yamepangwa kama watoto kwenye foleni ya uji, yakigeuzwa adhuhuri ili yaive pande zote. Jioni ukiyarudisha ndani ya redio ungepata taarifa ya habari nzima na matangazo ya vifo, na siku ya jua kali ungepata hata salamu za wasikilizaji kabla sauti haijaanza kuvutika kama ya mlevi. Mumewe Ndungu alikuwa na nyongeza yake. Alilichukua jiwe akaling'ata kiunoni kwa magego, kidogo tu, akisema jiwe ni kama mzee, ukimsumbua kidogo anakumbuka kazi.

Basi mtu asimcheke Nyakio. Simu ya marehemu Ndungu ilipoanza kuzimika kila baada ya muda mfupi, na chaja ikawa haisaidii, alifanya kile ambacho mikono yake ilikijua. Alitandika kitambaa cheupe juu ya bati la jikoni, akailaza simu nzima kifudifudi, akawa anaigeuza kila adhuhuri. Mwanzoni aliona kama inapata nafuu. Kisha mgongo wa simu ukaanza kuinuka polepole, kama unga wa mandazi uliofunikwa, hadi kifuniko cha nyuma kikaachana na mwili na simu ikazimika moja kwa moja. Aliifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, akaiweka kabatini kati ya sahani za wageni, na kila alipofuta vumbi aliigusa kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima joto la mtoto.

Hiyo haikuwa simu ya kupigia watu tu. Ndani yake mlikuwa na mluzi.

Ndungu alikuwa fundi cherehani pale Adams Arcade, kwenye baraza mbele ya duka la redio na saa la Harbhajan Singh. Walizeeka hivyo, mmoja nje akishona sare za shule, mwingine ndani, kioo cha saa jichoni, ameinamia mitambo ya watu, wakitaniana kupitia mlango ulioachwa wazi. Jioni Ndungu alifunika cherehani yake, akapanda baiskeli nyeusi na kurudi Kangemi kwa njia za Lavington, maua ya jakaranda yakinata kwenye matairi. Kengele ya baiskeli iliibwa mwaka ambao kifungua mimba wao, Wangui, alianza darasa la kwanza, na Ndungu hakununua nyingine. Akifika kwenye kona ya mwisho, palipokuwa na shamba la kabichi kabla ya vyumba vya kupangisha kulimeza, alipiga mluzi: mfupi, mfupi, halafu mrefu unaopanda mwishoni kama mtu anayeuliza swali. Popote Wangui alipokuwa, juu ya mpera, kwa jirani, hata chooni, alijibu, "Naja, Baba," akatoka mbio kwenda kuisukuma baiskeli kwa nyuma. Mdogo wake Karanja naye alikimbia, lakini mluzi haukuwa wake, na alilijua hilo.

Wangui alikwenda Uingereza kusomea uuguzi mwaka wa 2001, akabaki huko, mji wa Leeds. Mwaka wa 2005 alimtumia baba yake simu kwa mkono wa mtu aliyekuwa akirudi nyumbani. Ilikuwa nyembamba, rangi ya fedha, ya kampuni ambayo hakuna mtu Nairobi aliyewahi kuisikia. Harbhajan ndiye aliyegundua kwamba inaweza kunasa sauti. Waliingia chumba cha nyuma cha duka, wakafunga mlango ili honi za Ngong Road zisiwafuate, Ndungu akapiga mluzi wake, na Harbhajan akaipanga simu iwe inalia hivyo kila Wangui anapopiga. Wangui peke yake. Mwishoni kabisa, baada ya ule mrefu unaopanda, sauti ya Harbhajan ilisikika ikisema, "Haya, tosha, fundi," na hawakuona haja ya kurudia.

Wengine wote, Karanja akiwemo, simu iliwalilia ule mlio iliotoka nao kiwandani.

"Mimi nikipiga inalia kama ya kila mtu," Karanja alizoea kulalamika.

"Wewe unakaa hapo Kinoo tu," baba yake alimjibu. "Ukitaka kuitwa, simama hapo langoni."

Lipo jambo ambalo wazee wale wawili hawakulifikiria siku ile, wakalitambua baadaye: mtu anayepiga simu hasikii inavyolia upande wa pili. Kila Jumapili baada ya ibada Wangui alipiga kutoka Leeds, nyumba nzima ikaitika kwa mluzi wa baba yake, naye kule akasikia tuu, tuu. Nyakio alitaka kumwambia, Ndungu akakataa. Kitu cha kusikia hakielezwi, alisema. Atausikia siku atakapokuja, watamwambia apige akiwa hapo hapo kwenye kochi, simu iko mezani, na wao watamtazama uso.

Siku hiyo haikufika. Mwanzoni mwa mwaka wa 2007 Ndungu alilazwa hospitali kule Upper Hill, na hakurudi tena Kangemi akiwa na pumzi. Karatasi za Wangui za kuishi ugenini zilikuwa bado mikononi mwa wakubwa. Angetoka asingeruhusiwa kurudi kwa mume na mtoto. Baba yake alizikwa, yeye akisikiliza kutoka Leeds kupitia simu ya Karanja iliyoinuliwa juu ya vichwa vya watu, na upepo uliingia humo ukala nusu ya maombi.

Ndiyo maana, mwaka wa 2009, Wangui alipompigia mama yake kwenye simu ya kawaida aliyokuwa akitumia sasa, akamwambia kwamba ana mimba, kwamba daktari ameona ni mvulana, na kwamba amemtumia tiketi aje amshike mkono, Nyakio kabla hata ya kumshukuru Mungu alitazama kabatini. Mtoto wa kwanza alikuwa amebeba jina la baba mkwe, kama ada inavyotaka. Huyu wa pili alikuwa wa upande wa mama. Huyu alikuwa Ndungu. Na Ndungu hangeingia duniani bila mtu kumpigia mluzi.

Habari za safari hazifungiwi chumbani. Kabla ya wiki kwisha wapangaji wa ploti alikokaa walikuwa wakipita mmoja mmoja na bahasha, vikapu na vifurushi. Kanini, mama wa Kikamba aliyeuza mboga sokoni na kukaa chumba cha mwisho, alileta chupa ya asali ya Kitui iliyofungwa mdomo kwa nta. Ilikuwa ya binamu yake aliyekuwa huko huko Ulaya.

"Ulaya gani?" Nyakio alimuuliza.

"Si ni huko tu, Shosho. Ukishuka uliza," alisema Kanini, ambaye kama ploti nzima alimwita Shosho, yaani bibi.

Nyakio aliipokea. Aliweka njahi, maharagwe meusi ya kumpikia mzazi, majani ya chai, na unga wa wimbi aliousagisha mwenyewe baada ya kuupeta mara mbili, maana uji wa mzazi ukiwa na mchanga maziwa hukataa kushuka. Kisha akabaki na simu mkononi, mgongo umevimba, ukanda wa tyubu umeikaza kiunoni.

Karanja alikuja chakula cha mchana siku ya Jumamosi. Kazi yake ilikuwa kupokea mizigo inayokwenda kwa ndege, kwenye kampuni moja ndogo kule uwanjani, na kama walivyo watu wote wanaoipenda kazi yao, ukimuuliza kitu kimoja alikupa saba. Nyakio alizunguka mbali. Aliuliza kwanza habari za maua, akaja kwa samaki, akafika kwa simu za watu. Karanja akatafuna na kueleza. Simu nzima yenye betri nzima haina ubaya, ila ikae kwenye mkoba wa mkononi, huko juu waliko watu, maana ikianza kutoa moshi mtu ataiona. Betri ya akiba nayo ni ya mkononi. Ifunikwe ncha zake kwa utepe na iwe na mfuko wake peke yake, isije ikagusana na funguo au sarafu ikapata moto. Kule chini kwenye masanduku hakuna macho. Moto ukianza kule unakuwa na nafasi ya kufikiria.

"Na ile iliyonenepa kidogo?" Nyakio aliuliza, akimwongezea mchuzi.

Karanja aliweka kijiko chini. Alisema iliyovimba haipandi. Si mkononi, si kwenye sanduku, si kwa bei wala kwa maombi. Akamsimulia siku aliyoona katoni ikitoa moshi uani kazini kwao, wakaimwagia maji ikanyamaza, wakageuza mgongo ikaanza tena, kama mke mwenza aliyekumbuka neno.

Nyakio alisema, "Dunia ina mambo," akaondoa sahani.

Jumatatu alikwenda Adams Arcade. Hakuwa amefika pale tangu wachukue cherehani. Barazani alipoketi Ndungu sasa palikuwa na meza ya msichana anayeuza vifuniko vya simu, rangi zote za peremende, na Nyakio alijikuta akitafuta sakafuni yale mashimo mawili ambayo miguu ya cherehani ilikuwa imechimba kwenye simenti. Yalikuwepo. Mguu wa meza ya msichana ulikuwa umesimama ndani ya moja. Jirani, palipokuwa sinema enzi zile, pale ambapo Ndungu alimpeleka mwaka waliooana na kulala usingizi kabla picha haijaanza, watu walikuwa wakiingia na kutoka na shughuli nyingine kabisa. Harufu ya duka la Harbhajan tu ndiyo haikuwa imebadilika: risasi iliyoyeyushwa na chai ya iliki.

Harbhajan alikuwa amekonda ndani ya kilemba chake. Alimwita Mama Wangui, akamwekea kiti cha fundi, kile chenye mto wa vitambaa vya sare, akamimina chai bila kuuliza. Walimzungumza marehemu kwanza, kama inavyofaa, jinsi alivyokuwa akipima watoto wa shule kwa jicho na kuwaachia upindo mrefu kwa kuwa mama zao wangemlaani mwaka ujao. Ndipo Nyakio akafungua kitambaa, akamwomba aibane simu kidogo kwa ile jiliwa yake ya chuma, irudi unene wake wa zamani, ionekane kama ya watu.

Mzee aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza kwenye mwanga.

"Umeifanya nini?"

"Niliianika."

Hakucheka. Aliinama kana kwamba anatafuta kitu chini ya meza, na Nyakio akaona mabega yake yakitikisika. Alipoinuka macho yalikuwa na maji.

"Mama Wangui, hii hapana finya. Chapati naweza finya, hii hapana. Mawe ya redio ni mawe, lakini hii ndani ina lithiamu. Ukiipa joto inavimba, ukiibana inatema moto. Fundi angekuwa hapa angeing'ata."

"Angeing'ata," Nyakio alikubali, na sasa walicheka wote wawili.

Kisha akamweleza la kufanya. Betri itolewe, ibaki Nairobi, simu isafiri tupu. Luthuli nzima, mtaa wa maduka ya simu na redio, alikuwa amekwisha kuuliza zamani na hakuna aliyekuwa na betri ya kampuni ile, lakini Wangui aliinunua Uingereza, na betri yake ingekuwa huko.

Hapo ndipo palipomuuma Nyakio, naye akapasema. Harbhajan mwenyewe aliwahi kumuuzia Ndungu redio yenye saa, ile ya namba nyekundu. Kila ulipoyatoa mawe ilisahau saa, ikasahau kengele, ikasahau stesheni zote, ukaanza upya kama mtoto mchanga. Tangu hapo alijua kwamba kumbukumbu za vitu hivi zinashikiliwa na jiwe. Hata jiwe likifa linashikilia, mradi halijatoka. Kwa hivyo hakuwahi kuitoa betri ile hata siku moja, wala kwenye bati, wala kabatini. Aliitoa laini tu, ile kadi ya namba inayochomolewa ubavuni. Je, akiitoa betri na mluzi ukaenda nayo?

Mzee alikunywa chai yake. "Ile saa ilikuwa hivyo," alisema mwishowe. "Simu siyo hivyo. Nafikiri siyo hivyo."

"Unafikiri?"

"Sijawahi kufungua nyingine ya kampuni hii. Nikikuapia nitakuwa mwongo."

Alikuwa mtu mkweli Harbhajan, miaka yote alikuwa hivyo. Siku hiyo Nyakio alitamani angedanganya kidogo. Aliifunga simu kwenye kitambaa, akamshukuru kwa chai, akasema atafikiria.

Alifikiria, na alichofikiria kilikuwa kibaya. Mchana wa siku iliyotangulia safari, nyumba ikiwa kimya, aliisokota simu kwenye karatasi ya fedha ya kufungia chapati ili isipate unyevu, akaivika mfuko wa nailoni, akaizika katikati ya unga wa wimbi kwenye mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia. Alishindilia unga juu yake kwa mgongo wa kijiko, akausawazisha hadi ukawa kama uwanja uliofagiwa. Mkebe akauweka kwenye sanduku kubwa, lile la kwenda chini, akauzungushia shuka. Kwa akili yake alikuwa ameiweka simu mahali salama kuliko pote: laini, pakavu, na mbali na mikono ya watu.

Siku yenyewe ikafika, na Karanja akaja na pikapu mapema alasiri. Masanduku yalitolewa uani na kuwekwa kwenye benchi la kufulia. Wapangaji walitoka, mzee wa kanisa akaomba, akaombea rubani, mabawa, na mafuta ya ndege, halafu akawaombea wote waliobaki wapate pasi zao. Karanja alipima masanduku kwa mizani ya kuning'iniza, akaridhika. Kisha akapangusa viganja kwenye suruali, akasimama mbele ya mama yake wima, na sauti yake ikabadilika kidogo, ikawa ya kazini.

"Mami, kuna maswali huwa namuuliza kila mtu mwenye mzigo. Lazima nimuulize kwa mdomo wangu nikimwangalia. Usione vibaya."

"Uliza."

"Mzigo umefunga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kuna kitu umepewa na hukijui?"

Kanini alitazama mbinguni.

"Vyote navijua," Nyakio alisema. "Cha Kanini nimekionja."

Watu walicheka. Karanja hakucheka.

"Kuna kitu chochote chenye betri kwenye sanduku?"

Alikuwa na macho ya baba yake, mwanawe huyu, yale ya kupima upindo. Nyakio alimkumbuka akiwa mdogo, mdomo umejaa sukari, amesimama pale pale uani, na yeye akimwambia kwamba sukari haimsumbui, kinachomsumbua ni uongo. Alikuwa na jibu tayari tangu jana. Alilitafuta asilione.

"Kuna baba yako," alisema.

Karanja aliketi kwenye ukingo wa benchi kando ya sanduku, taratibu, kama mtu aliyeambiwa kwamba ndani mna mtoto amelala.

"Wapi?"

Aliwaonyesha. Akafungua mkebe mwenyewe, akazamisha mkono hadi kiwikoni, akaitoa simu ikiwa ya hudhurungi kama nduma iliyotoka shambani. Karanja aliifungua ile nailoni na karatasi ya fedha, akaona mgongo ulivyovimba, akaiweka juu ya jiwe la kufulia mbali na watu. Alijua kuhusu mluzi; nani hakujua. Asichokijua ni kwamba dada yake hakuwahi kuusikia, na kwamba mama yao aliamini betri ikitoka mluzi unatoka. Nyakio alimweleza yote mawili akiwa na unga mkononi.

Karanja hakumkemea. Alisema kwa sauti ya chini tu kwamba ile karatasi ya fedha na ule unga na lile sanduku la chini, hakuna palipokuwa pabaya zaidi. "Ingewaka huko chini, Mami, na hakuna mtu wa kuiona. Na Wangui atakuwa amesimama pale wanaposhukia watu, na tumbo lake, anangoja."

Nyakio aliiona picha hiyo jinsi ilivyokuwa. Binti yake alikuwa ameshasubiri mara moja upande wa pili wa simu, akisikiliza upepo, baba yake akishushwa. Kumsimamisha tena mahali pa kungoja, na safari hii kusije hata upepo! Na ndani ya ndege ile kungekuwa na kina Wangui wa watu wengine, wamelala, midomo wazi. Alipangusa mkono kwenye leso. Ikiwa mluzi ungekwenda, basi uende ukiwa hapa nyumbani, uani kwake, palepale ulipozoea kufika.

"Hakuna atakayeitoa ila mimi," alisema.

Karanja alimwambia asitumie kisu wala kijiti, asiichokoe. Nyakio alifungua ukanda wa tyubu, akakiinua kifuniko, na kwa ukucha wa kidole gumba akaisogeza betri kidogo upande huu, kidogo upande ule, kama unavyoitoa njahi kwenye ganda bichi. Ilitoka. Ilikuwa ya mviringo tumboni, nyepesi kuliko alivyodhani, na simu iliyobaki ilikuwa nyepesi zaidi. Alisikiliza. Sijui alitegemea kusikia nini. Kuku wa jirani walikuwa wakiparura, basi.

Karanja aliziba ncha za betri kwa utepe kutoka mfukoni mwake, akailaza kwenye debe la mchanga mkavu katikati ya ua, mbali na ukuta na mbali na jikoni, akasema kesho ataichukua aipeleke kwa wanaojua namna ya kuiharibu. Kanini alilisogelea debe akachungulia.

"Na mawe yangu yako juu ya bati, Shosho. Niyashushe?"

"Yako ni ya redio," Nyakio alimjibu. "Wacha yaote jua."

Simu tupu aliifunga kwenye kitambaa cheupe, kile kile cha juu ya bati, akaiweka kwenye mkoba wa mkononi, juu ya pasipoti. Njia yote hadi uwanjani mkono wake ulikuwa humo.

Mtoto alizaliwa Leeds kabla mvua ya huko haijakatika, kama iliwahi kukatika. Nyakio alipika uji wa wimbi, akapika njahi, akaogesha mtoto kwenye karai la plastiki huku akilalamikia maji ya bomba kwamba hayana ladha hata ya kuogea. Mambo ya betri alimwachia Wangui, bila kusema sababu. Alisema tu simu ya baba yenu imekufa, mtafutie jiwe lake. Wangui aliuliza hapa, akaagiza pale, na betri ikafika kwa posta ndani ya bahasha yenye mstari mwekundu wa onyo. Nyakio aliutambua mstari ule. Alikuwa ameuona kwenye vibandiko vilivyonata kwenye nguo za kazi za Karanja.

Aliitia mwenyewe, na laini yake ya Nairobi, akaichomeka chaja, akabonyeza. Simu ilikaa kimya kwa muda mrefu, kisha ikawaka. Saa ilikuwa imesahau. Ilisema ni Januari ya mwaka fulani wa nyuma, alfajiri kabisa, kabla Ndungu hajawahi kuishika. Ile redio ya namba nyekundu nayo ilianza hivyo hivyo.

Alimlaza mtoto begani, akamwambia Wangui aende ukumbini na simu yake, afunge mlango, ampigie.

"Nikupigie, Mami? Si uko hapa?"

"Piga tu."

Mlango ulifungwa. Nyakio aliiweka simu juu ya meza ya jikoni, karibu na chupa ya asali ya Kanini ambayo bado haikuwa imepata mwenyewe, akasimama mbele yake. Alisikia binti yake akibonyeza namba upande wa pili wa ubao. Kimya kikapita, kirefu, cha njia ndefu ya kwenda Nairobi na kurudi.

Mfupi. Mfupi. Kisha mrefu, unaopanda mwishoni kama mtu anayeuliza swali.

"Haya, tosha, fundi," Harbhajan alisema.

Halafu tena tangu mwanzo. Nyakio aliushika mgongo wa mtoto, mdogo kama mkate, akahisi Ndungu akipumua usingizini bila wasiwasi. Mluzi ulifika kwenye kona ya shamba la kabichi, ukageuka, ukaja. Ndipo nyuma ya mlango, kwa sauti ambayo Nyakio hakuwa ameisikia tangu binti yake alipokuwa akipanda mpera, mtu akajibu.

"Naja, Baba."

Nyakio hakuipokea simu. Aliiacha ilie.